Baiskeli kwenye Mteremko wa Mwese

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi msichana bado sijaolewa. Kaka yangu Rafaeli, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Mpanda, alikuja nyumbani Mwese na baiskeli yake. Enzi zile mwenye baiskeli alikuwa mtu wa kuangaliwa, na Rafaeli alipenda kuangaliwa. Breki zilikuwa zimelika. Baba alimwambia azitengeneze kwanza. Akacheka: "Baba, breki ni miguu yangu."

Asubuhi hiyo tuliteremka mlima, mimi nimekaa kwenye keria, nimemshika kiuno. Mbele yetu mama mmoja mzee alikuwa akitembea katikati ya njia, ana mzigo wa kuni kichwani. Rafaeli akapiga kengele. Mama hakugeuka. Akapiga tena, akapaza sauti, "Pisha, mama! Pisha!" Nikamwambia apunguze mwendo. "Atapisha tu," akanijibu. Alipokuja kuburuza miguu chini, tulikuwa tumeshamfikia.

Mimi niliangukia majanini, nikachubuka mikono. Mama yule alianguka kifudifudi, kuni zikamfunika. Nilizitoa, nikamgeuza, nikamwita. Midomo ilicheza kidogo, kisha macho yakabaki wazi.

Mume wake, Mzee Kapama, aliitwa kutoka shambani. Watu walitaka kumpiga Rafaeli, lakini mzee akawazuia. Alipiga magoti, akamfuta mkewe vumbi usoni, ndipo akauliza taratibu:

"Kijana, hukumwona?"

"Nilimwona, baba. Nilipiga kengele."

"Mke wangu hasikii, tangu alipougua ile homa. Hapa tunamjua, tunampitia pembeni. Wewe ulimwona, halafu ukataka yeye ndiye akupishe."

Rafaeli alilichimba kaburi pamoja na wanaume wengine. Hakuna aliyemkaribisha, wala aliyemfukuza. Tangu hapo, kila msimu wa kulima alitoka Mpanda kwa miguu kwenda kumlimia Mzee Kapama. Mzee alimwachia alime. Lakini kula naye sahani moja, hapana, mpaka mzee anaingia kaburini.

Sasa na wewe umeanza kuendesha baiskeli, mwanangu. Angalia breki kabla hujapanda. Kwenye mteremko punguza mwendo mapema, usingoje. Ukimwona mtu mbele, awe mtoto, mzee au mwenye mzigo, usimwachie yeye kazi ya kukukwepa. Hujui kama anasikia, hujui kama anaona. Zunguka kwa mbali, na njia ikiwa nyembamba, shuka ukokote. Utachelewa, na wanaokungoja watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mungu akupe macho ya kuwaona wenzako njiani. Akufikishe uendako, akurudishe mzima, na jina lako lisije likatajwa kwenye msiba wa nyumba ya watu.