Kwa Sichana Binti Jaku

Ndugu yangu Talib aliliondoa jina la bibi yetu kwenye ardhi yake, na mimi nilimsaidia kwa kidole changu. Nalitanguliza hilo, mtu asije akafika katikati ya habari hii akanionea huruma isiyo yangu.

Bibi yetu aliitwa Sichana binti Jaku. Kwetu ni kijiji kidogo nyuma ya msitu wa Jozani, upande wa pwani, penye mikoko na tope jeusi. Hakuwa na shamba, na mumewe alimwacha wakati mama yetu bado anabebwa mgongoni. Kazi yake ilikuwa makumbi. Aliyakusanya makumbi ya nazi, akayafukia topeni maji yakitoka, akayapandishia mawe yasichukuliwe, akayaacha miezi minane, tisa, mpaka yaoze. Kisha aliyafukua, akayaponda kwa gongo, akayaosha, akayaanika, akasokota kamba. Makumbi yakifukuliwa hunuka kama yai viza. Harufu ile haitoki mikononi kwa sabuni wala kwa ndimu.

Wanawake wengine walifukia popote walipopata, na bahari ikichafuka iliwachukulia kazi yao yote. Bibi akajenga ukuta wa mawe wa kuzuia maji, urefu wake kiunoni. Mawe aliyabeba kichwani mwenyewe, miaka mitatu. Ulipokwisha, wenzake wakaja kufukia ubavuni mwake, naye hakumfukuza mtu. Ndipo watu wakaanza kusema, "Nnakwenda Kwa Sichana." Wavuvi wakasema hivyo, sheha, mkuu wa kijiji, akasema hivyo mkutanoni, na watoto waliozaliwa yeye keshakufa wakasema hivyo bila kujua kwamba Sichana alikuwa mtu.

Mama alipofariki, mimi Shemsa nilikuwa na miaka minane na Talib minne. Bibi akatuchukua. Talib alipofika umri wa skuli akapelekwa skuli. Mimi nilipelekwa topeni, kwa sababu bibi alihitaji mikono mingine, na mikono ya Talib ilikuwa ya kushika kalamu. Sare yake ilitoka kwenye kamba, madaftari yake yalitoka kwenye kamba, na alipokwenda kukaa Bububu kwa jamaa ili amalize masomo, kamba ndiyo iliyomlisha. Kengele ya skuli nilikuwa naisikia nimeinama.

Watoto wenzetu walikuwa wakitupigia kelele njiani, "Makumbi hao! Zibeni pua!" Talib akilia. Bibi akicheka.

"Waulizeni," akisema, "kitanda cha baba yao kimewambwa kwa kamba ya nani. Usiku kucha wanalala juu ya mikono yangu, asubuhi wanaziba pua!"

Alikufa mwaka ule Talib alipomaliza skuli. Mimi niliolewa Kiembe Samaki, nikazaa mtoto mmoja, Nadra, nikafiwa na mume. Talib akawa mtembezaji wageni Jozani, anawaonyesha kima punju kwa Kiingereza na Kitaliano. Akajenga vibanda viwili vya wageni karibu na pwani yetu.

Mwaka juzi akanipigia simu. "Dada, njoo Jumatano. Wanakuja watu wa majina."

Akanieleza kwamba kila pahala, hata kisima, hata mchanga ulioinuka baharini, jina lake linathibitishwa kwa wenyeji, linaandikwa kwa namna moja, linaingia kwenye orodha moja. Ramani za nchi yoyote zitafuata hiyo orodha. Wanataka jina wanalolitumia watu wa hapo, na asili yake, kwa mashahidi wa hapo. Nilifurahi, wallahi. Nilisema moyoni, leo bibi atajulikana mpaka kwa manahodha wa meli.

Talib akanipokea barabarani. Tukatembea kidogo, akasema, "Mimi nshawaambia panaitwa Pwani ya Lulu."

"Lulu gani? Umewahi kuona lulu pale wewe?"

"Ni jina tu, dada. Wageni watalipenda."

"Na Kwa Sichana?"

Akatazama nyuma kama kuna mtu. "Nadra si anachumbiwa Shangani? Watu wa Mjini hao, watu wa udi na marashi. Kwenye fomu panaandikwa asili ya jina. Wataandika nini? Mwanamke mfukia makumbi. Wakwe zako wakikuuliza, huyu Sichana ni nani kwenu, utawajibu nini? Utawaambia na wewe ulikuwa ukinuka?"

Ningeweza kumwambia kwamba hata kinywa anachosemea kilishiba kwa harufu ile.

Maji yalikuwa yametoka. Binti wa orodha, Khairat, alikuwa amesimama karibu na ukuta wa bibi, kavaa vizuri, mkononi ana kompyuta bapa. Upepo ukavuma kutoka topeni. Akavuta ncha ya mtandio akaziba pua.

Niliificha mikono ndani ya kanga. Mwanamke mzima, nina mtoto wa kuozesha, naficha mikono.

"Bi Shemsa," akasema, "wenyeji mnapaitaje hapa?"

Sheha alikuwapo. Alinitazama, kisha akatazama chini.

"Pwani ya Lulu."

"Tangu lini?"

"Tangu tumezaliwa."

"Na ukuta huu wa mawe kaujenga nani?"

Hilo Talib hakunifundisha. Hilo nilijibu mwenyewe. "Sijui, mwanangu. Watu wa zamani."

Nikaletewa wino na karatasi, nikaweka kidole.

Kabla ya kurudi nilipita kwa Bi Rahila, mzee wa mwisho aliyefukia makumbi pamoja na bibi. Alikuwa barazani anachambua choroko.

"Shikamoo, Bi Rahila."

"Marahaba. Wewe ndiye Lulu?"

Nikainama kuokota choroko iliyoanguka.

"Mie wameniuliza jana. Nkawaambia Kwa Sichana, wakaandika. Sheha kapita sasa hivi, anasema maneno yangu yamekatwa. Wajukuu wenyewe wawili wamesema bibi yao hakuwapo."

"Sikusema hakuwapo."

"Uliulizwa mawe kayaweka nani. Ulisemaje?"

Nikairudisha mikono ndani ya kanga.

"Mie ndiye nliyekuwa nikimtwisha," akasema. "Jiwe baada ya jiwe. Sasa nambie, mwana wa Sichana, nliota?" Akarudi kwenye choroko zake. Hakunikaribisha kuketi, na kwetu hilo hufanyiwa mwizi.

Orodha ikabandikwa kwa sheha. Wenye pingamizi walipewa mwezi mmoja. Nadra alikwenda shamba, kijijini kwetu, kumsalimu mjomba wake, akaipiga picha kwa simu, akanisomea: Pwani ya Lulu. Asili ya jina: haijulikani.

"Mama, pale si Kwa Sichana?"

Nikamwambia yote. Yeye ndiye anayeniandikia haya sasa. Mimi nasema, yeye anaandika, na tukifika mahali pabaya haniangalii. Shangani hawakuuliza kitu, si kabla ya harusi wala baada yake. Lile swali lililonifanya nimuuze bibi yangu, hakuna aliyewahi kuniuliza. Na mwezi wa pingamizi niliuacha ukapita, nikisema kesho, kesho.

Mwaka huu nilikwenda ofisini kwao Mji Mkongwe, nikapanda ngazi za mbao mpaka juu. Khairat alinikumbuka. Nikamwambia, "Nimekuja kusema nilidanganya." Nikamwambia na kwa nini, mpaka habari ya mtandio wake.

Akashika kichwa. "Bi Shemsa, siku ile nilikuwa na mimba changa! Hata chai ilikuwa inanichefua. Mwanangu huyu hapa, ana mwaka na nusu," akanionyesha picha. "Ungeniambia kaujenga bibi yako, ningeuandika ukuta wenyewe."

Nilitamani ngazi zile zinimeze. Miaka yote nilikuwa na mtu wa kumlaumu kwa pua yake.

Akanieleza kwamba jina hurekebishika. Lakini lazima mashahidi wote wawili walioandikisha kama jamaa wafute maneno yao mbele ya sheha na wanakijiji, kijijini kwenyewe, wala si ofisini.

Nikampigia Talib palepale nje.

"Dada, nshaweka ubao barabarani. Watu wanakuja kwa jina hilo. Unataka nionekane mwongo?"

"Si ulidanganya?"

"Tulidanganya," akasema, akakata simu. Katika maneno yake yote, hilo moja lilikuwa la kweli.

Basi hali ndiyo hiyo. Kwenye orodha bado ni Pwani ya Lulu. Talib anadaiwa na bibi yake sentensi moja mbele ya watu, yeye aliyesomeshwa maneno mengi. Anasema hatoi. Na mimi nadaiwa yangu. Hainilazimu kumsubiri Talib, wala haihitaji skuli. Ni kusimama kwa sheha, Bi Rahila akiwa ameketi mbele, na kusema kwamba ukuta ule kaujenga Sichana binti Jaku, nami nilikuwa najua. Sheha amenipangia siku mara mbili. Mara zote mbili nimesema naumwa.