Cherehani Nyuma ya Sauti ya Baba

Jina la Masikio alipewa na kaka yake wakiwa wadogo, kwa nia mbaya kabisa, kwa sababu hakuna neno lililompita. Watu wakinong'ona chumba cha pili, yeye anajibu. Leo jina hilo limeandikwa kwenye mlango wa kichumba nyuma ya duka la picha, anakosafisha sauti za video: harusi zilizomezwa na jenereta, hotuba zilizochukuliwa na upepo. Kaka mtu siku hizi anajigamba kuwa jina alitoa yeye.

Ana tabia moja inayowachekesha wateja. Kabla ya kuanza kazi hufunika kioo cha kompyuta kwa khanga kuukuu. Anasema macho yana umbea. Yakishaona mdomo unacheza, yanalidanganya sikio kuwa limesikia.

Siku hiyo alikuja mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni. Alileta video ya baba yake, mwashi mstaafu, akisimulia alivyojenga nyumba yao. Binamu ndiye aliyeirekodi kwa simu, miaka minne nyuma.

"Mama alitangulia mwaka juzi," mwalimu alisema. "Hakutaka kabisa kurekodiwa, sauti yake hatuna hata ya salamu. Na baba tangu apate kiharusi maneno hayamtoki. Imebaki hii tu, dada, nayo ina kelele balaa. Niokolee sauti ya baba."

"Kelele za nini?"

"Sijui. Kama mashine hivi. Wewe itoe tu."

Masikio akashusha khanga juu ya kioo, akavaa hedifoni. Kelele za feni hazimsumbui, kwa kuwa hunguruma vilevile mwanzo hadi mwisho. Unachukua kipande kifupi ambacho hakuna anayesema, unaionyesha kompyuta, nayo inaondoa kila kinachofanana nacho. Hii ilikuwa cherehani ya miguu. Ya jirani, alijiambia. Akaipunguza kidogo kidogo hadi sauti ya mzee ikabaki peke yake, nzito na safi. Angeweza kuishia hapo na mwalimu angeondoka anashukuru.

Lakini kuna kitu kilimkereketa. Cherehani ile haikuwa ikienda ovyo. Mzee akizungumzia mawe na saruji, inakimbia. Akisema, "Msingi nilichimba peke yangu," inasimama, kisha inaendelea. Akisema, "Paa nililipandisha kwa siku mbili," inasimama tena. Sasa jirani gani huyo anayeshona kwa kufuata hadithi za watu?

Akairudisha sauti kama ilivyoletwa. Safari hii akaifunua khanga kwenye kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya kazi, na hapo akajiona mjinga. Kila cherehani iliposimama, mzee alitupa jicho kushoto, nje ya picha, kama mtoto anayechungulia kama amebambwa. Masikio akaongeza sauti pale penye paa, akaacha kelele zote zilivyo. Kwa mbali, chini kabisa, mwanamke alicheka puani, akasema, "Siku mbili? Muongo wewe." Gurudumu la cherehani likaanza tena kuzunguka.

Masikio aliondoa mikono mezani kama aliyeungua. Aliogopa kweli. Dakika chache kabla, alikuwa amemfuta mama wa watu, tena kwa ustadi mkubwa.

Kesho yake mwalimu alikuja amemshika baba yake mkono. Masikio akamkalisha mzee kwenye kiti chenye mto.

"Nimetengeneza mbili," alisema. "Moja safi, moja nimeiacha na kelele zake. Tuanze na ya kelele."

"Lakini dada, nilikuomba uzitoe."

"Najua. Sikiliza kwanza."

Khanga alikuwa ameirudisha juu ya kioo, akaiacha hapo ili wasikie tu. Cherehani ikakimbia. Mwashi wa kwenye video akajigamba na msingi wake, kisha na paa lake, cherehani ikasimama.

"Siku mbili? Muongo wewe."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Huyo ni mama," alisema polepole, machozi yakimlengalenga.

Mzee hakumtazama bintiye, wala spika iliyokuwa mbele yake. Aligeuza shingo kushoto, kwenye ukuta mtupu, na kwa mdomo uliopinda, akiitafuta kila silabi, akajibu.

"Siku... tatu."