Dumu la Mwisho la Chumba cha Nyuma

Mke wangu alianza kutengeneza mvinyo wa karakade, yale maua mekundu yaliyokaushwa, na asali, katika dumu moja la lita ishirini. Majirani zetu hapa Aroi walimcheka, wakauita dawa ya kikohozi. Mimi pia nilicheka, lakini nilikunywa.

Alifundishwa na dada yake huko Koboko, ambaye mvinyo wake mara nyingi uliharibiwa na joto. Kwetu kuna ubaridi kidogo, hasa katika chumba cha nyuma kisichopigwa na jua. Alilifunika dumu kwa gunia lililoloweshwa maji, akaliwekea sikio kila asubuhi. Mapovu yakikoma, aliuhamishia mvinyo kwenye dumu safi, mashapo akayaacha. Zaidi ya hapo sijui, kwa kuwa sikuuliza. Baadaye akina mama wa Ajia walikuja kujifunza, kisha wa Lobule, madumu matupu yakigongana nyuma ya baiskeli. Siku hizi arusi huku haipiti bila chupa nyekundu mezani.

Alipofariki, dumu moja lilikuwa bado linatoa mapovu. Wazee wa ukoo wake waliagiza kwamba kitu chake chochote kisiguswe mpaka siku ya kumaliza matanga, miezi kadhaa baadaye. Nilitii. Nilifunga mlango, na moyoni nilifurahi kwamba kazi yake moja ilikuwa bado inaendelea mle ndani. Nikawaahidi watu kwamba siku hiyo tutakunywa mvinyo wake wa mwisho.

Siku ikafika, watu wakakaa. Nilifungua dumu nikaonja. Siki tupu. Miezi yote ile mvinyo ulikuwa umelala juu ya mashapo, na gunia lilikuwa limekauka kama ngozi ya mbuzi.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alionja naye, akakunja uso.

"Weka sukari mingi," alininong'oneza. "Watu iko na kiu. Nani atajua?"

Mfuko wa sukari niliushika, siwezi kukana. Halafu nikauweka chini, nikatoka nje, nikawaambia watu kwamba mvinyo wake umeharibika mikononi mwangu na hakuna mwingine.

Mama mmoja wa Ajia, mwanafunzi wake wa kwanza, aliinuka akaenda kwenye baiskeli yake, akarudi na dumu la mvinyo aliotengeneza mwenyewe. Alikuwa ameniletea kama rambirambi, na alikuwa akisubiri watu waondoke ndipo anipe.

"Baba, wewe ulikuwa unakunywa tu," alisema. "Sisi ndiyo tulikuwa tunajifunza."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mvinyo ule ulikuwa na tangawizi. Mke wangu hakutia tangawizi kamwe, kwa hiyo sitasema ulikuwa wake. Lakini ulikuwa mzuri, nikaomba kikombe cha pili.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ajia na dumu tupu. Ile siki ninayo bado. Naitia kwenye kabichi, matone machache tu, isiishe upesi.