Tarakimu Iliyokosekana Kwenye Ukurasa

Katika maabara ile ya fizikia watu hawakuanza kazi mpaka wausome Ukurasa. Ulikuwa karatasi moja tu, upande mmoja, uliobandikwa saa mbili na nusu kila asubuhi kwenye mbao sita za matangazo, kuanzia langoni mpaka kwenye ngazi za kushukia chini ulikokuwa mtambo. Humo ungejua mtambo umefanya kazi saa ngapi tangu jana, semina ni ya nani na iko chumba gani, nani kapata mtoto, nani kafiwa, na funguo za nani zimeokotwa. Maprofesa waliokuwa tayari kubishana mwezi mzima juu ya nukta moja ya hesabu walikubaliana juu ya jambo moja: Ukurasa haudanganyi.

Aliyeuandika alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani ya kamba, ambaye wote walimwita Mama Ukurasa. Fizikia hakuijua wala hakujisingizia kuijua. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba kidogo kando ya lango, na kwa miaka yote hiyo alijiwekea sharti moja: akikosea leo, kesho anasahihisha, juu kabisa, kabla ya habari nyingine yoyote. Aliwahi kuandika kwamba mwavuli uliookotwa ni mweusi. Kesho yake watu wakasoma: "Masahihisho. Mwavuli ni wa buluu iliyokoza. Niliutazama taa ikiwa imezimwa." Walimcheka mpaka basi, lakini mwenye mwavuli akaja kuuchukua.

Ni kwa sababu ya sharti hilo akakabidhiwa bahasha.

Kundi moja kubwa la watafiti lilikuwa likipima muda ambao chembe fulani ndogo huishi kabla ya kuvunjika. Sasa, mpimaji naye ni binadamu. Akishajua jibu analolitaka, mkono humpeleka huko huko bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo waliitwa watu wawili kutoka nje, wakaiharibu saa ya kipimo kwa makusudi, kidogo tu, wakaandika kwenye karatasi wameiharibu kwa kiasi gani, wakaitia kwenye bahasha, wakaenda zao. Kundi lingepiga hesabu zote kwa saa hiyo yenye kasoro, na siku ya mwisho, mbele ya wote, bahasha ingefunguliwa na kasoro iondolewe. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuijua namba ile, hata tarakimu yake moja.

"Ikae kwako," Profesa, mkuu wa kundi, alimwambia Mama Ukurasa. "Wewe huna haja nayo."

Wakati huo kweli hakuwa na haja nayo. Lakini miaka minne ya kuitunza si michache. Binti wa marehemu mdogo wake, ambaye alimlea tangu hajang'oa meno ya utoto, alimaliza chuo akaja kusomea shahada ya uzamivu katika maabara ile ile, na kundi lililompokea likawa ndilo hilo. Walikaa nyumba moja, wakala meza moja. Profesa alipouliza kama bahasha ihamishwe, Mama Ukurasa alikuja juu. "Kwangu hatuli bahasha," alisema, na bahasha ikabaki.

Wiki tatu kabla ya siku ya kufungua, Jumatano tarehe tano, chupa ya chai ilimponyoka. Chai ikajaa droo ya juu. Bahasha ilikuwa humo, imelowa, mdomo umeachama, karatasi imechungulia nje. Aliivuta haraka wino usije ukatiririka, na kabla hajafumba macho akawa ameiona tarakimu ya kwanza. Ilikuwa saba. Zilizofuata alizifunika kwa kiganja. Akaianika karatasi dirishani kifudifudi, ilipokauka akairudisha, na gundi ya bahasha ikashika yenyewe. Ukiitazama, ungeapa kwamba haijaguswa.

Hapo ndipo yalipotakiwa Masahihisho. Alikaa mbele ya kompyuta, akaliandika neno hilo, akalifuta. Alijua yatakayofuata: siku ya kufungua itaahirishwa, na wa kwanza kutupiwa jicho atakuwa yule binti anayelala nyumba moja na mwenye bahasha. Tasnifu yake yote ilisimama juu ya kipimo kile, na mwezi uliofuata angesimama mbele ya watahini. Chai nimemwaga mimi, alijiambia, kwa nini aungue mtoto? Akaamua kwamba saba ile itaishia kichwani mwake.

Kutunza siri si kazi kwa mwenye mdomo mzito. Yeye mdomo wake ulikuwa mwepesi, na alijijua. Akaona dawa ni kunyamaza. Binti alirudi jioni, akasalimu, akaitikiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Mama mkubwa, kwani nimekosa nini?" aliuliza siku ya nne.

"Hujakosa. Kula."

Siku ya tisa aliuliza tena, akajibiwa vile vile. Baada ya hapo hakuuliza. Akawa anakula chumbani kwake, akiosha sahani yake mwenyewe, na Mama Ukurasa akisikia maji ya bomba alitamani kulia.

Kazini ilikuwa afadhali, au ndivyo alivyodhani. Aliiogopa saba mpaka akaanza kuikwepa. Semina ya saa saba akaiandika "baada ya chakula cha mchana". Chumba cha saba kikawa "chumba kinachotazamana na lifti". Mtambo ulipofanya kazi saa kumi na saba, aliandika karibu kumi na nane, na fundi wa zamu akapita dirishani kuuliza, "Mama, nani katuongezea saa nzima?" Akacheka tu, na kesho yake hakusahihisha. Tarehe saba na tarehe kumi na saba Ukurasa ulitoka na jina la siku peke yake, Ijumaa na Jumatatu, bila tarehe. Kwake huko kulikuwa kulinda amana. Hakuna aliyemwambia kwamba amewapa watu wanaoishi kwa kutafuta kilichopungua kitu kilichopungua.

Jumatano tarehe ishirini na sita ukumbi ulijaa watu tisini. Mama Ukurasa alikaa mbele, bahasha mapajani. Profesa alisimama, akauliza swali ambalo sharti liulizwe, na ambalo kila mtu hulisikiliza huku akitafuta kalamu yake:

"Je, yupo hapa anayeijua namba hii, au sehemu yake?"

Mama Ukurasa alitaka kusimama. Alitaka kweli. Lakini aliikamata bahasha kwa mikono miwili, akabaki kitini. Ndipo aliposikia kiti kikiburuzwa nyuma yake.

"Naijua tarakimu yake moja," binti alisema. "Ni saba."

Kalamu zilitulia.

"Nani kakwambia?" Profesa aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nimesoma Ukurasa." Aliendelea, kitu baada ya kitu, kama alivyofundishwa kueleza kipimo: lifti, semina, saa za mtambo, kurasa mbili zisizo na tarehe. "Nilizipanga mezani kurasa zote za kuanzia tarehe sita. Tarakimu zote zimo isipokuwa moja, na anayeuandika Ukurasa ndiye anayetunza bahasha. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, tarehe kumi na saba, sijagusa hesabu."

Mama Ukurasa alisimama sasa. Akasema habari ya chupa ya chai, ya karatasi dirishani, na ya neno alilolifuta. Alisema yote kwa dakika mbili.

Profesa hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema kwamba Ukurasa umesomwa na watu tisini, na hakuna ajuaye wangapi waliona bila kujua kwamba wameona. Wale wawili wa nje wataitwa tena, wataiharibu saa upya, na hesabu zitarudiwa. Miezi mitano, pengine sita. Watahini wa binti waarifiwe kwamba wasubiri mwaka ujao. Bahasha mpya ataitunza mwenye ghala. Akanyoosha mkono kupokea ile ya zamani, na Mama Ukurasa akampa.

Walitembea kwenda nyumbani pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Ilikuwa bado mchana, jua kali, na viatu vya Mama Ukurasa vilimbana.

"Mwaka mzima, mwanangu. Nimekuharibia."

"Mwaka utapita," binti alisema. Walivuka barabara ndipo akaongeza, "Nilikesha nikijiuliza nimekufanyia nini. Nilipoigundua ile saba, mama mkubwa, nilifurahi. Nikajua kumbe si mimi."



Kesho yake saa mbili na nusu Ukurasa ulibandikwa kwenye mbao zote sita. Juu kulikuwa na tarehe kamili, ishirini na saba, kwa herufi nene. Chini yake hapakuwa na semina wala funguo. Palikuwa na Masahihisho, na yalijaza karatasi. Saa za mtambo zilirudishwa kuwa kumi na saba, fundi akaombwa radhi. Chumba kilipewa namba yake. Kurasa mbili zilipewa tarehe zake. Chai ilitajwa, siku na saa. Wasomaji waliofika mwisho, na siku ile wote walifika mwisho, walikuta mstari mmoja uliotengwa peke yake:

"Tangu tarehe tano mwezi huu, mwandishi wa Ukurasa huu alimfanya binti yake aamini kwamba amemkosea. Hakumkosea."