Mbwa wa Foleni ya Malaba

Nilipowaambia wanangu kwamba nasafiri peke yangu hadi mpakani, waliuliza nani amefariki. Kwao, mwanamke wa umri wangu hupanda gari kwa sababu ya matanga au harusi. Nikawaambia naenda likizo, kusaidia kwenye boma linalotunza mbwa waliotupwa. Mume wangu, dereva wa malori aliyestaafu, alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani unatuacha sisi watu, unaenda kulisha mbwa?"

Nilimwachia sufuria ya maharagwe nikaondoka Nakuru.

Boma lenyewe liko Amagoro, si mbali na Malaba. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama wa Kiteso ambaye sauti yake bado inaweza kunyamazisha darasa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama hakungoja hiyo ya tatu, alinipa ufagio kabla sijatua mkoba. Nilifagia vibanda, nikachota maji, nikasonga ugali wa mbwa kwenye sufuria ambayo kwetu ingelisha wageni wa harusi. Niliifanya kazi vizuri, na nilijua naifanya vizuri.

Mbwa mmoja tu ndiye aliyenishinda. Alikuwa wa rangi ya kahawia, ameletwa kutoka foleni ya malori pale Malaba. Huko aliishi chini ya matrela, akifuata kivuli, akiokota makombo ya madereva wanaopika kando ya magurudumu wakingoja kuvuka. Siku moja lori liliondoka yeye akiwa amelala, likamkanyaga mguu. Daktari wa mifugo aliutibu na ulikuwa unapona, lakini mbwa alikataa kula. Ukimpa nyama, anageuza uso. Ukimpa maziwa, vivyo hivyo. Mbavu zake zilihesabika.

"Dada, daktari anakuja kesho," yule mama aliniambia. "Amesema kama huyu bado hajakula, afadhali tumdunge ile sindano ya mwisho. Anateseka tu bure."

Nilikasirika, ingawa sikujua namkasirikia nani. Nilichukua bakuli safi nikaingia kibandani kwake, mahali pazuri pa sakafu ya saruji na blanketi, nikambembeleza kama mtoto mwenye homa. Akanguruma, akanionyesha meno. Nilitoka nikakaa nje na chakula changu cha mchana, sahani mapajani, mgongo ukutani. Hapo ndipo nilipomkumbuka mume wangu.

Tuna meza ya kulia chakula nyumbani, nzuri, niliyoinunua kwa jasho la cherehani yangu. Mume wangu hajawahi kushibia mezani pale. Hukaa kidogo, akadonoadonoa kama kuku mgonjwa, kisha akabeba sahani yake hadi nje, akaketi juu ya mtungi wa plastiki kando ya ukuta. Huko hula akamaliza. Maisha yake yote ya kazi alikula kwenye kivuli cha trela. Mazoea yana taabu. Tumegombania meza ile mpaka majirani wamechoka kusikia.

Nikasimama.

"Mama, ule mkokoteni wa kubebea maji unatumika?"

"Saa hii hapana. Unataka kubeba nini?"

"Sibebi kitu. Nataka kivuli chake."

Tuliusukuma hadi katikati ya uwanja, tukamlaza mbwa chini yake, juu ya udongo mtupu. Nikaleta jiko la makaa hapo hapo, nikasonga ugali, nikakaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Kisha nikaketi juu ya mtungi wa maji, nimempa mgongo. Yule mama alitaka kuinama achungulie. Nikamfukuza hadi langoni, maana sijawahi kusikia dereva anayemkodolea macho mbwa anayekula. Nikala kwa mkono, bila haraka. Nilikata tonge, nikalitupa nyuma bila kugeuka.

Kimya. Nikatupa jingine, na kipande cha omena juu yake. Shingo iliniwasha kwa hamu ya kugeuka, lakini nilijizuia. Nikaendelea kutafuna chakula ambacho hata sikukisikia ladha.

"Dada!" yule mama alipiga kelele kutoka langoni. "Huyo anakula! Wallahi anakula!"

Nililia, na omena bado mdomoni.

Kesho yake daktari alimkuta chini ya mkokoteni akilamba mchanga mahali chakula kilipokuwa. Akauliza nani amefanya hivi. "Ni huyu, boss," yule mama akasema akininyooshea kidole. Wengine wangeinamisha kichwa na kusema ni Mungu tu. Mimi nilimshukuru Mungu, kisha nikasema ndiyo, ni mimi. Daktari alifunga mkoba wake bila kutoa sindano.

Jioni nilimpigia mume wangu simu, nikamsimulia yote, kuanzia mkokoteni hadi mgongo niliompa mbwa. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Ulijua si kwamba naidharau meza yako."

"Nimejua jana."

Akaniuliza kama mbwa alimaliza, nikamwambia alimaliza mpaka mchanga. Kisha nikamwambia meza ibaki ndani na kitambaa chake, lakini atafute mtungi wa pili. Nakuja.