Wimbo wa Mkate wa Kumimina

Juzi mwenzangu wa ofisini aliweka simu kando ya sahani yake ya chakula cha mchana, akafungulia wimbo, nami nikamjua mwimbaji kabla hajatamka neno. Nilimjua kwa ile pumzi anayoivuta akitaka kuanza.

Nafanya kazi ya makaratasi ya mizigo bandarini, kule Mbaraki. Mwenzangu huyo ni mama wa Kaloleni, mtu wa kanisa, mtulivu, si wa kushabikia wanamuziki. Lakini albamu hii imemshika. Wewe nawe huenda umeisikia, maana pale Feri wauza kava za simu wanaipiga tangu asubuhi, na wauza vitambaa wanaipiga madukani mwao. Ni yule aliyekuwa akiongoza bendi ya harusini, mwenye mashati ya kumeremeta na vinanda vya kutikisa madirisha. Bendi imevunjika, na sasa ametoka peke yake, gita kavu na sauti, basi. Unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Mahali pamoja anakohoa kidogo na wala hakukifuta kikohozi chenyewe. Watu wanakipenda hata hicho.

"Sijui ana nini huyu mtu," mwenzangu akaniambia. "Nikimsikia nahisi kama niliwahi kukaa jikoni kwao."

Nikaendelea kutafuna. Sikumwambia kwamba jiko lile lilikuwa letu.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale, nyembamba na ndefu kwenda juu, na jiko lilikuwa juu kabisa, nusu yake chini ya paa la mabati na nusu wazi. Ukisimama pale unasikia mtaa mzima: mwuza kahawa akigonganisha vikombe, watoto wa chuo wakisoma Kurani kwa pamoja, jirani akimwita mwanawe kwa dirisha. Bibi alikuwa maarufu kwa mkate wa kumimina. Mchele aliuroweka usiku, akausaga na nazi na iliki, akauacha uumuke, na mwezi wa Ramadhani watu walileta sinia zao tangu adhuhuri. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kuchochea makaa. Bado nina kovu la mbuzi ya kukunia kwenye kidole gumba.

Bibi hakuwa na saa jikoni. Alikuwa na wimbo. Aliutunga mwenyewe, na alipimia mkate kwa wimbo huo. Akimaliza ubeti wa kwanza, mkate umeshikana chini. Wa pili, anaweka makaa juu ya kifuniko. Wa tatu, anaepua. Aliuimba kwa sauti ya chini, ya puani kidogo, huku akipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni:

Usifunue mapema,
joto lisije potea;
ngoja, nami nangojea.

Leo watu wanalia kwa maneno hayo. Wanasema ni mapenzi, ni mtu anayemsubiri mpenzi wake asiyefika. Ni kifuniko cha sufuria.

Huyu mwimbaji alikuwa mtoto wa jirani. Mama yake alifanya kazi ya usafi hospitalini, na kila siku mtoto akitoka chuoni alipanda kwetu kumsubiri. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, miguu safi, mikono safi, akaushika wimbo wa bibi kwa siku chache tu. Bibi akaanza kumwachia. Yeye anaimba, bibi anamimina, mimi nakuna nazi. Mkate wa kwanza ukiiva, kipande cha pembeni, kile chenye ukoko wa samli, kilikwenda kwake. Nilikuwa nikikitazama kikiingia mdomoni mwake mpaka kinaisha.

Siku moja nilijitia ushujaa nikaimba mimi, tena kwa sauti, beti zote. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayegawa nguo za sikukuu, "Wewe una mkono. Yeye ana sauti." Akanipa mwiko.

Alidhani amenipa zawadi. Na kweli nilijifunza mkate ule mpaka bibi mwenyewe akawa haupambanui wangu na wake. Lakini nani anapigiwa makofi kwa mkono? Nilimwonea wivu mtoto yule kama watu wanavyoonea wivu ndugu wa kambo, wivu wa kila siku, wa kuangalia nani amemiminiwa chai kwanza.

Alipokua akaingia bendi, nikapumua. Miaka yote ya vinanda na mashati, hakuna hata mara moja alipoimba kitu chetu. Tulikutana kwenye maharusi, tukaulizana hali na habari za wazee, tukaagana. Alizikwa bibi, akaja, akabeba jeneza na wanaume wengine. Nikadhani hesabu yetu imeishia pale makaburini.

Kumbe alikuwa amebaki nao wimbo.

Mwenzangu akapata habari kwamba ataimba Jumamosi baada ya alasiri, katika ua wa nyumba moja ya zamani karibu na bandari ya kale, akaniomba nimsindikize kwa kuwa Mji wa Kale haujui vizuri. Nikaenda. Watu walikaa kwenye mikeka, mabuibui na suruali za jinzi pamoja, na wengine walikuwa wamevuka kutoka Likoni. Alitoka amevaa kanzu ya kawaida, nywele zimeanza mvi, akakaa kwenye kiti cha mbao na gita lake. Ulipofika wimbo ule, akasema, "Huu nilifundishwa na bibi yangu."

Bibi yangu! Watu wakaguna kwa utamu. Na anauimba taratibu, taratibu mno; kwa mwendo ule mkate ungeungua ukawa mkaa. Nikatazama pembeni nikitafuta wa kumwambia hivyo, nikamwona mwenzangu anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Baadaye akanivuta tukamsalimie. Mwimbaji aliponiona akasimama, akauliza hali ya mama, akauliza ya watoto, kwa adabu ile ile aliyofundishwa kwetu. Mwenzangu alipogeuka kupiga picha ya ua, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yako yupi, kaka? Bibi zako wote wawili walikufa hujazaliwa."

Hakukasirika. Alikaza uzi mmoja wa gita, akaulegeza tena.

"Nilikuwa naye huyo tu," akasema. "Wewe ulikuwa ukilala naye kitanda kimoja. Mimi magharibi ikifika naambiwa shuka, mama yako amerudi."

Akaniuliza kama bado naupika ule mkate. Nikamwambia naupika. Akasema yeye amejaribu mara nyingi, unatoka mbichi katikati. Ningeweza kumwambia kwa nini. Nilimwambia jua linakuchwa, mwenzangu ana safari.

Nyumba ya Kibokoni wajomba waliiuza. Siku hizi ni ya kulaza wageni, na pale juu palipokuwa na jiko pana meza na miavuli ya jua. Mkate napika kwa gesi na natega kengele ya simu. Unatoka vizuri. Wanangu wanaula huku wakitazama mambo mengine.

Jumatatu mwenzangu hakuniacha. Kumbe alikuwa amesikia yote. Akataka kujua bibi alikuwa mtu wa namna gani, nami nikamweleza kwa raha, maana hapo hakuna wa kunishinda: leso zake, samli yake, kucha zake zilizokuwa na hina mpaka siku aliyokufa.

"Na sauti yake ilikuwaje?" akauliza.

Nikafumba macho nimsikie ili nimwigize. Nilimwona yuko jikoni, mgongo umeinama, mkono kwenye kifuniko, midomo inatembea. Nikangoja. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake gita.