Siku Kumi na Mbili za Ubaruku

Mteja alinipigia simu nikiwa nyumbani Iringa, akauliza nitahitaji siku ngapi kuzungumza na wakulima wa mpunga wa Ubaruku kuhusu mafunzo waliyopewa. Nikasema kumi na mbili. Nilijibu upesi, maana ya kumi na tatu ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha binti yangu, na nilishamwahidi kukaa benchi la mbele.

Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Kaya arobaini, nne kwa siku, na siku mbili za safari. Wewe unayeanza kazi hii ya utafiti wa kujitegemea utapiga hesabu hiyohiyo, wala usijione mjinga. Sote tunaanza kwa kuhesabu kaya.

Siku ya nne akafariki mzee mmoja pale kijijini. Hakuna aliyeingia shambani, nami nikaenda msibani kama wengine. Tulipotoka makaburini nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha yangu kama nimfuate kesho asubuhi. Akawageukia wenzake.

"Jamani, mgeni wetu anadhani msiba unaishia makaburini."

"Mwacheni," mwingine akasema. "Kwao labda wanazika na kurudi ofisini."

Wakacheka chinichini, kicheko cha msibani. Kwetu ni Iringa. Nimelala chini kwenye misiba tangu utotoni, najua watu hawatawanyiki mpaka tanga lianuliwe. Nilijua, ila sikuandika. Kwenye kalenda yangu kila siku ilikuwa kisanduku chenye kaya nne.

Siku tatu nilimenya vitunguu na akina mama wale. Tuliporudi kwenye maswali, wazee walijibu kwa Kisangu, kila jibu likapitia kwa mkalimani, na saa moja ikawa mbili. Siku hizi, kabla sijataja siku, nampigia kwanza mwenyeji wa mahali na kumwuliza watu wa huko wanaishije mwezi huo. Naongeza siku za watu juu ya siku za kazi, na ninazitaja hata mteja akiguna.

Lakini wakati ule nilikuwa nimechoka na nimechelewa. Alhamisi nilimwomba mteja wiki moja zaidi.

"Dada, namba uliitaja mwenyewe," akasema, bila ukali. Akanipa siku tatu.

Jumamosi jioni nikampigia binti yangu.

"Mama mkubwa atakaa kwenye nafasi yangu kesho," nikamwambia.

"Umeshaongea naye?"

"Nimeongea naye."

Nikasikia pasi ikiwekwa chini. Alikuwa ananyoosha gauni lake jeupe.

"Kwa hiyo unarudi lini?"

"Jumatano, mwanangu."

"Mama, usinitajie siku. Nipigie ukishapanda gari."

Nikasema sawa. Kaya kumi na moja zilikuwa zimebaki, na ya kwanza ilikuwa inanisubiri kesho yake baada ya ibada.